Mama Ameacha Vidonge vya Presha kwa Maneno Yangu, na Jumamosi Anapanda Jukwaani

Habari admin, habari wote mnaosoma. Naomba jina langu libaki kwako tu, maana wenzangu wa klabu wamo humu.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, fundi wa kuchomelea mageti huku Kizota, Dodoma. Naishi Nkuhungu na mke wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi. Shida yangu ni mama, na aliyeianzisha ni mimi.

Miaka mitatu iliyopita nilipimwa presha ikakutwa juu, nikaanzishiwa vidonge. Jirani akanivuta kwenye klabu ya jogingi ya mtaani. Tunakimbia Jumamosi alfajiri kwa kuimba, tukimaliza tunapanga duara na kunyoosha viungo. Mwanzo nilikimbia nyuma kabisa na akina mama watu wazima, na hata wao walinicheka. "Fundi, hilo tumbo lichomelee geti, linatoroka!" Nilivumilia. Tumbo likapungua, usingizi ukarudi, presha ikashuka. Nikaacha vidonge. Sikumuuliza mtu.

Mwenyekiti wa klabu akaniita katikati ya duara nitoe ushuhuda. Nikainua mguu nikasema, "Dawa yangu ni hii raba." Watu walipiga makofi sana. Tangu hapo kila akija mgeni naitwa kurudia maneno yale yale, na wenzangu wameyatungia wimbo.

Baba alipofariki nilimchukua mama kutoka kijijini Kibakwe. Naye ana presha, na alikuja na vidonge vyake. Alikuwa mtu wa kukaa kwenye kigoda uani akiangalia geti, hali chakula vizuri, haongei. Nikamshawishi aje klabuni, hata kwa kutembea tu. Alikuja amefunga kitenge juu ya suruali ya mazoezi ya mke wangu. Haukupita muda mrefu akawa anawapita wasichana kwenye mwinuko. "Nimepanda milima ya Kibakwe na kuni kichwani," aliwaambia, "huu wenu ni kitanda." Mama yangu akaanza kucheka tena. Naomba mlishike hilo, kwa sababu ndilo linalonifunga mikono.

Mwezi uliopita nilianguka karakana, mashine ya kuchomelea ikiwa mkononi. Hospitali wakakuta presha iko juu kuliko ya mwanzo. Nikamwambia daktari haiwezekani, mimi nakimbia. Akasema, "Kaka, endelea kukimbia. Lakini mbio na vidonge ni ndugu, si wake wenza. Nani alikwambia ukimpata mmoja umfukuze mwingine?" Nilirudi na dawa na ninameza mpaka leo.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama kumuuliza kama anameza zake. Akanionyesha mfuko. Ulikuwa umejaa.

"Mama, umeacha lini?"

"Siku ile ya kwanza nilipokuja klabuni, ukasema dawa yako ni raba." Akacheka. "Na mimi yangu ni raba."

Nikamweleza alichosema daktari, na kwamba nimerudi kwenye vidonge. Aliacha kucheka.

"Kwa hiyo ulikuwa unawadanganya watu?"

"Sikuwadanganya, mama. Sikujua."

"Basi raba imekushinda wewe. Mimi haijanishinda." Nilipozidi kumbembeleza akasema, "Mwanangu, ukitaka nimeze vidonge nirudishe Kibakwe. Nitakaa navyo kule, nimsubiri baba yako aniite."

Kupimwa hataki. Anasema kile kipimo ndicho kinachomtia mtu presha. Asubuhi kichwa kinamuuma, anasingizia upepo wa Dodoma. Nimemkuta ameshika ukuta wa bafuni, anasubiri dunia itulie.

Mke wangu anasema tumsagie vidonge kwenye uji. "Kwanza aishi, kukasirika atakasirika baadaye." Nimekataa. Sijui kama dozi yake ya zamani bado inamfaa, na sitaki kumlisha mama yangu kitu kwa siri. Lakini kila nikiona lile bakuli la uji nalifikiria.

Nikamfuata mwenyekiti nikamwomba nafasi niwaeleze watu ukweli. Akanishika bega. "Fundi, ukisema hivyo watu watarudi kulala. Acha kwanza bonanza lipite."

Bonanza lenyewe ni Jumamosi hii. Klabu za mitaa mingine zinakuja, kutakuwa na jukwaa na spika. Na safari hii mtoa ushuhuda si mimi, ni mama. Wamemtengenezea fulana yenye jina lake mgongoni. Ameipiga pasi mwenyewe, ameitundika kwenye mlango wa chumba chake ili kila anayepita aione.

Nikisimama nikasema ukweli, namwaibisha mama yangu mbele ya umati. Namjua. Atapanda gari la Kibakwe, arudi kwenye kigoda, na huko hatakimbia wala hatameza. Nikinyamaza, mbele ya lile jukwaa kuna akina mama wengine wenye vidonge nyumbani kwao, na watamwamini kuliko walivyoniamini mimi.

Leo asubuhi, akijiandaa kwenda mazoezi ya bonanza, aliniita nimfunge kamba za raba. Akiinama, alisema, kichwa kinazunguka. Nilipiga magoti nikamfunga. Miguu yake ilikuwa imevimba, raba ilikuwa inambana. Akanigusa kichwani kama nilivyokuwa mdogo, akasema, "Kaza, baba, zisifunguke njiani."

Nikakaza.

Ninyi mliowahi kulea wazazi wagumu, na ninyi wauguzi na madaktari mliomo humu, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni kitu kimoja tu. Jumamosi mama yangu akishika kipaza sauti, nisimame au nikae?