Bibi Arusi Amerudi kwa Kanali

Sina sababu ya kuficha, maana hata nikificha Sange yote inajua, na watu wa Sange wana ndugu Uvira, na watu wa Uvira wana simu. Mimi ndiye yule mwalimu aliyemtangaza dada yake mwenyewe mbele ya wakwe, kwenye spika mbili kubwa za kukodi, kwamba ni mwanamke ambaye hakuna anayejua anakokwenda. Dada yangu sikumtaja hata kwa jina, nilikuwa ninazungumzia kimbunga, lakini jaribu wewe kuwaeleza hivyo watu waliokaa kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi wakimngojea bibi arusi.

Ninafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Uvira, na ugonjwa wangu ni vimbunga. Sisi ziwani tuna pepo zetu zinazotutosha, vimbunga vya baharini havitufikii, lakini mimi huvifuata kwenye simu kama wengine wanavyofuata mpira, na nina mgonjwa mwenzangu, rafiki yangu Bahati anayefundisha Bukavu, na kila siku tunatumiana sauti. Basi msimu ule kulikuwa na kimbunga kimoja ambacho hata leo nikikikumbuka mwili unanisisimka. Kilizaliwa kule karibu na Australia, kikavuka Bahari ya Hindi yote, ukingo hadi ukingo, safari ambayo vingi hufia njiani, kikapiga Madagascar, kikapita, kikaingia Msumbiji, nasi tukasema basi, kimefika nchi kavu, kitakufa kama wenzake; kumbe kimegeuka, kimerudi baharini, kimekaa katikati ya Msumbiji na Madagascar, kwenye yale maji ambayo tulifundishwa kwa Kifaransa kuyaita Canal, kikawa kinazunguka humo kama mtu aliyesahau ufunguo. (Kiliua watu, na hilo silisemi kwa kucheka. Ninachokisifu ni njia yake.)

Sasa, kwa kuwa kila mtu alikuwa anakingojea na hakuna aliyejua kitatokea wapi na lini, mimi na Bahati tulikipa jina letu, Bibi Arusi. Na kikishakuwa bibi arusi huwezi tena kukiita ki-, kwa hiyo tukasema ameamka, amekasirika, amelala. Mimi ni mwalimu, ngeli ninazijua, na ninakiri kwamba kama siku ile ningeziheshimu, aibu yangu ingekuwa ndogo zaidi.

Siku yenyewe ilikuwa ya mahari ya Neema, mdogo wangu. Wakwe walitoka Sange na mbuzi na vitenge na kila kitu, na mimi familia ilinifanya protokole, yaani mwenye mikro ya kusemea na maneno, kwa sababu wanasema nina mdomo. Desturi unaijua: bibi arusi haonekani mpaka wageni wamwombe, anakaa chumbani na wasichana wenzake, na kazi ya protokole ni kuwachelewesha wageni kwa utani mpaka hamu iwapande. Tatizo ni kwamba chumbani Neema hakuwamo. Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda saluni, na umeme ulikatika nywele zikiwa zimetengenezwa upande mmoja. Mama alinijia sikioni akaninong'oneza, "Neema bado iko ku salon, courant imekatika. Waambie." Maneno mepesi, mtu yeyote wa Uvira anayaelewa, hakuna hapa asiyekatikiwa umeme. Lakini mimi nikaona aibu, nikafikiri watatuona familia isiyo na mpango, nikachukua mikro nikasema bibi arusi yuko chumbani, anavaa. Uamuzi wangu wenyewe, wa kufumba na kufumbua.

Msemaji wa wageni alikuwa Mzee Kashindi, baba mkubwa wa Espoir, bwana arusi. Mzee huyu aliishi Kigoma miaka mingi wakati wa ukimbizi, akarudi na Kiswahili cha Tanzania anachokitunza kama suti, na asubuhi ile alikuwa ameshanisahihisha mara mbili mbele ya watu. "Si 'minye', mwalimu. Sema 'mimi'." Aliniuliza bibi arusi yuko wapi, nikatania. Akauliza tena, nikatania tena, wachache wakacheka. Alipouliza mara ya tatu nilikuwa nimeishiwa, na ndipo simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa sauti ya Bahati, "Unaona? Amerudi."

Sasa mtu mwenye akili angeiacha. Mimi nikaomba dakika moja, nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye moto ambapo tantine yangu, yaani mama mdogo, alikuwa anakaanga samaki, mikro nimeibana kwapani (ni ile isiyo na waya, na taa yake ya kijani ilikuwa inawaka, sikuiangalia), nikafungua simu nikaona ule mstari ulivyogeuka, na furaha ikanishika kweli, nikaanza kurekodi.

"Bahati, ndugu yangu, bibi arusi kama huyu sijaona. Watu wote walisema amefika, amepumzika, kumbe ameacha njia. Amerudi kwa Canal. Iko pale tangu usiku, anazunguka tu, anakula nguvu. Hakuna muntu anajua kwenye ataenda. Minye naona atatoka pale na nguvu kupita mbele, na kwenye atapiga watalia. Lakini namupenda, ndugu. Namupenda sana."

Nilipomaliza niliona tantine amesimama na uma hewani, samaki wanaungua.

"Weye," akasema taratibu, "sauti yako iko inatokea kule mbele."

Sijui kama umewahi kutembea hatua ishirini ukitamani ziwe elfu moja. Nilipotokeza uwanjani Mzee Kashindi alikuwa ameinama akiwatafsiria wenzake, maana hapa kwetu sisi tunasema koloneli, neno lingine hatulijui. "Kanali," alikuwa anawaambia. "Kwa Kiswahili cha Tanzania, kanali ndiye koloneli." Na neno likapita kiti hadi kiti, koloneli, koloneli, mpaka likamfikia Espoir, ambaye aliangalia viatu vyake vipya, kisha akatoa simu na kumpigia Neema. Simu ya Neema ilikuwa imezimika. Kwa nini ilizimika? Umeme. Lakini uso wa yule kijana, jamani, sitausahau.

Mzee Kashindi akasimama na kurekebisha koti lake.

"Mwalimu, tumesikia. Bibi arusi amerudi kwa kanali, tangu usiku. Sisi ni wakulima wa mpunga, hatuna kesi na jeshi. Tunaomba njia."

Na wote wakasimama. Mtu akaenda kumfungua mbuzi. Mama yangu alikaa palepale na mikono kichwani.

"Ni kimbunga, mzee," nikasema, tena kwenye mikro, kwa sababu sikuwa na akili ya kuiweka chini. "Ni upepo wa baharini. Tunauita Bibi Arusi."

"Kimbunga gani? Jua linawaka."

Nikafungua simu nimwonyeshe ramani, na mtandao ukawa umeondoka, kama kawaida yake ukiuhitaji. Nikaona Espoir anaelekea lango. Basi sikufikiri tena. Nikamwendea Mama Sifa, shangazi yake Espoir, mwanamke mwenye mwili wa heshima aliyekuwa bado hajamaliza kuinuka, nikamwambia, "Mama, pardon, kaa kwanza. Weye utakuwa Madagascar." Akakaa, nadhani kwa mshtuko. Safu ya viti vya wageni nikaifanya Msumbiji, lango nikalifanya Australia, na mimi mwalimu, nimevaa suti, nikaanza kutembea njia ya kimbunga. Nilitoka langoni nikizungusha mikono, nikavuka uwanja wote, nikapita juu ya miguu ya Mama Sifa nikimwomba msamaha, nikafika kwenye viti, nikapunguza nguvu kana kwamba ninakufa, watu wakinitazama kama wanavyomtazama aliyepandisha homa. Mwenye spika akadhani ninacheza, akaweka muziki. Kisha nikageuka kinyumenyume, kwa sababu ndivyo kilivyogeuka, na kinyumenyume nikaigonga meza ya soda, nikaanguka chini kati ya Mama Sifa na viti, na soda zikanimwagikia mgongoni.

Muziki ukazimwa. Mzee Kashindi akaja kusimama juu yangu.

"Na kanali yuko wapi?"

"Niko ndani yake, mzee. Ni hapa nilipolala. Ni maji, kati ya Mama na viti. Ni Kifaransa."

Akamwangalia Mama Sifa. Akaangalia viti. "Canal," akasema polepole, safari hii kwa Kifaransa, na nikaona uso wake ukibadilika. "Na huo upepo umetoka kule langoni?"

"Ndiyo."

"Ukafika nchi kavu, ukarudi?"

"Ukarudi."

Mzee akavuta kiti, akakaa. "Rudia," akasema. "Anzia Australia."

Nikarudia. Nilirudia mara tatu, nimelowa, na mara ya tatu wageni walikuwa wamekaa tena, wakiuliza maswali mazuri kuliko ya wanafunzi wangu, kwa nini haukwenda moja kwa moja, ni nani anayeugeuza, nami nikaeleza kwamba kimbunga hakina miguu yake, kinasukumwa na pepo kubwa za juu, na zile zikilegea au zikivutana, chenyewe kinabaki kuzunguka palepale. "Njo kusema haina kosa yake," akasema Mama Sifa, akimaanisha kimbunga hakina hatia, na akatikisa kichwa kwa huruma. Mzee Kashindi alisema hajawahi kusikia kitu chenye akili hivyo na kisicho na akili kwa wakati mmoja. Nilianza kuamini nimepona.

Ndipo lango likafunguka na Neema akaingia, kutoka nje, yeye ambaye nilikuwa nimesema yuko chumbani. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa mzuri ajabu, na upande wa pili ulikuwa kama alivyoamka. Safari hii hakukuwa na kimbunga cha kusingizia. Alivuka uwanja bila kunitazama, akafika mbele ya Mzee Kashindi, akapiga goti.

"Mwalimu alituambia uko chumbani unavaa," mzee akasema.

"Hapana, baba mukubwa. Niko natoka ku salon. Courant ilikatika, upande moja bado. Nikaona kuliko muendelee kungoja, nikuje tu hivi."

Mzee alimtazama, kisha akanitazama mimi na suti yangu ya soda. Na alipozungumza, Kigoma yote ilikuwa imemtoka, alisema kama mtu wa Sange.

"Nywele itamalizika. Huyu mutoto anasema ukweli. Tunamuchukua."

Mama akapiga vigelegele, mbuzi akafungwa tena, na Espoir, nilimwona, alikuwa anafuta macho kwa tai.

Jioni, wageni walipoondoka, Neema alinikuta ninafua koti. Nilitegemea atanitukana, ningependa anitukane. Akauliza tu, "Kaka, mama alikuambia kama niko ku salon?"

"Aliniambia."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

Mimi niliyeweza kueleza kwa nini upepo unaondoka Australia na kugeuka Msumbiji, hilo sikuweza kulieleza. Niliendelea kusugua koti, naye akaingia ndani. Bado ninaitwa kuwa protokole, hasa Sange, ambako wananitaka kuliko zamani, na ninakubali kwa sharti moja: mkwe akiniuliza bibi arusi yuko wapi, nitamwambia pale alipo, hata kama ni chooni.