Sikio la Mume wa Wifi

Jirani yangu huhamishia picha za watu kwenye mbao. Huibandika picha kifudifudi kwa gundi, ikikauka huilowesha, halafu husugua karatasi kwa kidole mpaka ibaki sura tupu; mwisho huimwagia rezini, utomvu wa kuifunika. Vidole vimelika hata simu yake imekataa kumtambua. Juzi kasugua kwa pupa, akamng'oa sikio marehemu mume wa wifi yangu, na picha yake ilikuwa hiyo moja tu. Hakujificha. Alikata kipande cha shati la marehemu, lililoletwa kwa mapambo, akabandika sikio jipya, akamwita wifi mwenyewe.

Wifi akatazama weee. "Shoga, sikio la mume wangu liko wapi?"

"Si wewe uliyesema hakuwahi kusikia la mtu?"

Wifi akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Basi mmwagie hiyo rezini yako ikauke kama kioo, kabla hajaondoka na la pili."