Paja la Kushoto la Scolastika

Watu wa Kharumwa wakiumwa mgongo hawaanzii hospitali, wanaanzia kwa Mama Agnetha, yaani kwangu. Nasema bila majivuno, maana kwa umri huu hata kujivuna kunachosha. Mama yangu alikuwa akikanda wanawake waliotoka kujifungua, nikarithi beseni na kazi. Machimbo yalipofunguka, wachimbaji nao wakaniletea migongo yao. Maji ya moto, samli ya ng'ombe na mikono miwili, basi. Kwetu mtu asipotoa machozi, hajakandwa.

Scolastika ni mpangaji wangu. Ana miaka thelathini na sita, na ni mlinzi wa mchana kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Alianza karate baada ya mwanaume mmoja kumpokonya rungu lake mbele ya watu na kumcheka. Mwalimu wake ni Stanslaus, dereva wa lori mwenye mkanda mweusi, ambaye kila Jumamosi husukuma madawati ya shule ya msingi ukutani na kufundisha humo darasani. Scolastika alipanda mkanda baada ya mkanda hadi ule wa kahawia, akakwama hapo. Hana mume, hana ng'ombe, wala hataki. Anataka mkanda mweusi.

Mtihani wake hufanyika Shinyanga mjini mara moja kwa mwaka, mwezi wa kumi na moja. Mwaka wa kwanza, zikiwa zimebaki wiki chache, alirusha teke la juu akasikia kitu kimekatika ndani ya paja la kushoto, karibu na kinena. Alirudi akiburuta mguu. Nikamlaza mkekani nikamkanda, kisha nikamkalisha mgongo ukutani, nikampanua miguu kwa magoti yangu mpaka akauma khanga. Maumivu yakatulia. Siku kumi baadaye akarudi mazoezini, pakakatika palepale, na mtihani ukapita bila yeye.

Mwaka wa pili vivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne. Kila alipoumia mimi nilizidisha nguvu. Kuna siku nilikuwa nimeshakanda watu watano, vidole vimekufa ganzi, na bado namwita aje. Nampenda yule mtoto. Nilitaka aupate huo mkanda wake tupumzike sote.

Mwaka huu mwezi wa tatu alikwenda hospitali peke yake. Aliporudi alisema ameambiwa apumzike tu. Tangu siku hiyo nikibandika maji ana udhuru: leo amechoka, leo anawahi jumuiya, leo kichwa kinamgonga. Nikanuna. Nilimwona mtu aliyeonwa na daktari wa koti jeupe mara moja tu akaanza kunidharau.

Hazikupita wiki mbili nikapeleka kiuno changu hospitalini. Ndiyo, mkandaji naye ana kiuno. Kijana anayetibu viungo pale anaitwa Davis, ana adabu zake, akaniamkia vizuri. Nikamtambia kwamba yule mlinzi wa karasha anayecheza karate, mimi ndiye niliyekuwa nikimnyoosha miaka yote. Davis akaweka kalamu chini.

"Mama, ule msuli ulichanika," akasema. "Ni kidonda, ila kiko ndani. Kila kilipotaka kufunga, kilivutwa kikabanduka."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nikamkuta Scolastika amelala chali mkekani, mto katikati ya magoti, anaubana, anauachia, anahesabu, mazoezi aliyopewa hospitali. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa unanikanda huku unasinzia kwa uchovu, Mama. Ningekwambia nini?"

Niliona aibu, tena ile ya mtu mzima, ambayo huna pa kuipeleka.

Basi tukaanza upya, yeye akifanya, mimi nikihesabu. Miezi mingi ya mto. Kisha akawa anafunga mpira wa ndani wa baiskeli miguuni na kutembea ubavu ubavu uani, kuku wakimpisha. Kisha teke la chini, la magotini, baadaye la kiunoni. Nakuambia, kazi hiyo inachosha kuliko kukanda, maana unamaliza siku na huoni ulichofanya. Kuna jioni alikaa chini akasema hawezi tena, na hata mimi nilikuwa siwezi. Kesho yake tuliendelea.

Mwezi wa kumi na moja akapanda basi kwenda Shinyanga, nami nikamsindikiza. Asubuhi yote alifanya vizuri, hata Stanslaus alianza kutabasamu. Yakaja mapambano. La kwanza akashinda. La pili, katikati, nikaona mkono wake umeshuka kwenye paja. Alilimaliza kwa shida, wasimamizi wakampa dakika kumi za kupumzika, akaja moja kwa moja nilipokaa.

"Nikande, Mama. Kidogo tu patulie. Limebaki pambano moja."

Na pangetulia. Naijua mikono yangu, ndani ya dakika tano pangetulia kabisa, angeingia, pengine angeupata mkanda, na lile paja lingechanika upya lote. Ukumbi mzima ulikuwa unatutazama.

"Sikukandi, ng'wana wane," nikamwambia. Ni Kisukuma, maana yake mwanangu.

"Umri unakwenda, Mama."

"Najua."

Alisubiri nibadili mawazo. Alipoona sibadili, akaenda mbele ya wasimamizi, akainama kama walivyofundishwa, akajitoa. Miaka minne mikono yangu ilimkosesha mkanda kwa kumkanda, na wa tano ikamkosesha kwa kukataa.

Kwenye basi alihama kiti. Nyumbani tukakaa siku tatu bila shikamoo, chini ya paa moja, akipita mlangoni kwangu kama anapita mbele ya duka lililofungwa. Sikumlaumu. Nilichoka tu, nikalala mapema.

Siku ya nne asubuhi nikamwona kupitia dirishani anatoka kwenda kazini. Miaka yote minne, siku ya nne baada ya kuumia ilimkuta akitoka ameshika ukuta. Safari hii alikanyaga miguu yote miwili, hatua zake zile ndefu, hadi barabarani. Hapo akasimama. Akajikunja akapapasa paja, akainuka, akarudi mpaka dirishani kwangu.

"Shikamoo, Mama," akasema, bila kutabasamu.

Nikaitikia marahaba. Alipoondoka nikakaa kitandani nikalia.