Watoto Wenu Wanasoma Shule Gani?

Nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi ya akina mama kwa miaka mingi magoti yalipoanza kunisumbua. Wakubwa wakanihamishia chumba cha simu mjini Migori, mahali wananchi wanapopiga wakihitaji ambulensi. Nilidhani nimepewa kazi ya kupumzika.

Wiki ya pili, asubuhi, mwanamume mmoja alipiga akihema. Mke wake alikuwa amejifungua nyumbani na damu haikatiki.

"Uko wapi, baba?" nikamuuliza.

"Niko nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Huku juu, ukishapita Kegonga. Karibu na kanisa."

"Kanisa gani?"

"Hili la mabati, dada! Njooni haraka!"

Nikatuma gari. Nikamwambia amsugue mkewe tumbo kwa nguvu, chini ya kitovu, na mtoto awekwe kwa titi anyonye. Alikuwa akinijibu kwa Kiswahili, kisha akimgeukia mkewe kwa Kikuria, nami Mjaluo sikushika hata neno moja. Baadaye dereva akapiga. Amefika kanisa la mabati na hakuna mgonjwa. Kumbe lilikuwa kanisa lingine, ng'ambo ya bonde. Alizunguka karibu saa nzima. Mwishowe majirani walimbeba yule mama na kitanda chake hadi barabara kubwa, na hapo ndipo gari likawakuta. Alifika hospitali hana fahamu. Aliongezwa damu, akapona.

Hakuna aliyenilaumu. Dereva aliniambia tu, "Sista, hayo ni ya kawaida huku." Hilo neno kawaida lilinichoma kuliko lawama.

Siku yangu ya mapumziko nilifunga safari hadi Kegonga. Nikamtafuta mhudumu wa afya wa kijiji, mama mmoja mchangamfu, akanipeleka kwa hao watu. Mume alikuwa akianika mahindi uani. Nilipomsalimu alinikazia macho.

"Wewe ndiye ile sauti," akasema.

"Ndiye mimi."

"Uliniuliza kanisa, kanisa. Mke wangu anakufa, wewe unauliza kanisa."

Nilimwambia pole, halafu nikamweleza kilichonileta: nilitaka anifundishe mahali pao. Mkewe akatoka na mtoto mgongoni, akatuletea uji. Alisema jambo kwa Kikuria, na mume akacheka kidogo kabla ya kunitafsiria.

"Anasema ungeuliza watoto wetu wanasoma shule gani. Shule kila mtu anaijua, hata dereva."

Nilikaa na kikombe mkononi nikiona aibu. Jambo rahisi namna hiyo, na hakuna hata mmoja wetu kule ofisini aliyelifikiria. Alasiri hiyo yule mume alinitembeza mpaka magoti yakalia. Niliandika kwenye daftari shule, majosho ya ng'ombe, mashine za kusaga unga, na kivuko ambacho gari halipiti mvua ikinyesha. Wiki zilizofuata nilifanya hivyo hivyo sehemu nyingine. Isebania niligundua kwamba karibu na mpaka simu hushika mtandao wa Tanzania, na mtu akipiga nambari yetu haiingii. Ni wabadilishaji pesa walionionyesha ni wapi mtu asimame ili simu yake iingie kwetu.

Kisha tukaitwa mkutanoni. Tukaambiwa mabadiliko yanakuja: nambari moja ya simu kwa wote, na kompyuta itakayoonyesha kwenye ramani mpigaji yuko wapi. Kijana wa kompyuta akaona daftari langu akatabasamu.

"Mama, hilo sasa tutaliweka makumbusho."

"Hiyo mashine itaniambia mto umejaa?"

"Hapana."

"Itajua barabara gani gari linakwama?"

Akafikiri. "Mtu akiingiza, itajua."

"Basi nipe kiti, niingize."

Nilipewa kiti. Ninaandika kwa vidole viwili, na yule kijana amejifunza kunisubiri. Siipingi mashine, naingoja kwa hamu. Lakini mashine haizai magari, na yetu ni machache, moja likiwa limesimama kwa kukosa magurudumu. Nalisema hilo kila mkutano. Mwenyekiti huniambia, "Tumesikia, sista." Mkutano unaofuata nalisema tena.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Oyugis, kwa kuwa muuguzi mwenzangu wa Homa Bay alisikia habari ya daftari akataka na upande wao uandikwe. Mimi nilizaliwa Oyugis, kwa hiyo nilianza kuwatajia waendesha bodaboda wa stendi njia ninazozijua. Mmoja akanikatiza.

"Mama, hiyo njia ilifungwa zamani. Siku hizi tunazungukia nyuma ya soko."

Kabla sijanywa chai walikuwa wamenisahihisha mara tatu. Nikafuta, nikaandika upya, nikawauliza kuhusu njia ya nne.