Mwenye Jina Aliogopa Sindano

Watu wa Shianda wana midomo, lakini mbele ya sufuria ya Pascalia, binti wa Osundwa, midomo hiyo ilikuwa na kazi moja tu: kula. Miaka hiyo miwa ilikuwa imevamia mashamba mpaka milangoni, wakata-miwa walijaa kila mahali, na ugali wa wimbi aliowauzia haukusazwa.

Kisha Pascalia akaanza kusikia wanawake wakimsema. Hawaonekani, lakini mchana kutwa wanamsema: mchafu huyu, anatilia watu sumu. Siku moja aliibwaga sufuria nzima chini mbele ya wanaume wenye njaa, akalia, "Msile! Wanasema kuna sumu!" Wengine walicheka. Nasema walicheka, na mimi sijawasamehe.

Shangazi yake Phoebe alijua chanzo, maana yeye hakosi kujua. Eti ni marehemu Awinja, mama yao yeye na Osundwa, anadai jina lake. Kwa Waluhya mtoto mchanga akilia bila kukoma hutafutiwa jina la marehemu anayemdai. Basi kwa nini si mtu mzima? Kuku akachinjwa, Pascalia akaitwa Awinja. Wale wanawake wakazidisha kelele, binti wa watu akawa hali wala halali. Maji yalipozidi unga, Osundwa akampeleka hospitali, Kakamega mjini.

Daktari hakuzunguka. "Huu ni ugonjwa, dada, si laana. Umekuja mapema, na wengi wanaokuja mapema wanarudi kazini. Lakini sindano ni kila mwezi. Ukiiacha, sauti zaweza kurudi."

Alilazwa, akadungwa. Ulimi ukawa mzito, mikono ikakakamaa mpaka akaongezewa vidonge vya kuilegeza. Sauti nazo zikafifia, zikawa kama redio ya jirani, kisha kimya. Lo, utamu wa kimya kile! Akarudi jikoni, akashika mwiko, na wakata-miwa wakarudi mmoja mmoja, wengine wakinusa sahani kwanza.

Sasa, nani alipewa sifa? Awinja! Phoebe alitangaza sokoni kwamba mwenye jina ameridhika. Tena akaongeza lake: marehemu aliogopa sindano kama kifo. Enzi za mkoloni, wachanjaji walipokuja, alikimbilia kwenye mtama akalala huko. Kwa hiyo aliyebeba jina lake asidungwe tena, marehemu asije akakasirika. Osundwa, mwanamume mzima na ndevu zake, akamtii dada yake. Siku ya kliniki ilipofika, Pascalia akakaa nyumbani kwa heshima.

Haikuchukua muda, wale wanawake wakarudi. Kwanza mnong'ono, halafu matusi. Alikuwa anasonga ugali aliposikia neno sumu, mkono ukasimama. Safari hii alijua kinachofuata: sufuria chini, vicheko, kitanda cha wodi. Hofu ikamjia, na nyuma ya hofu ikaja hasira. Heshima gani hii ya kumrudisha mtu wazimuni? Asubuhi akavaa gauni la kanisani, akatoka.

Phoebe alikuwa langoni, mikono kiunoni. "Awinja! Unaenda wapi?"

"Kliniki, Shangazi."

"Haki ya Mungu hupiti hapa! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwenye jina hakuwa anapendanga sindano!"

"Basi yeye abaki nyumbani. Makalio ni ya Pascalia."

Osundwa, aliyekuwa akinoa panga kando ya nyumba, alikohoa kuficha kicheko. Phoebe hakucheka hata kidogo. "Atakasirika, wewe mtoto! Atakuja akusemee masikioni usiku na mchana!"

Pascalia alimsogeza pembeni, kwa adabu, lakini kwa mkono wa mtu aliyezoea kusonga ugali wa wanaume.

"Aje tu, Shangazi. Nikishadungwa, sitamsikia."