Msemaji Asiye na Pumzi

Kwetu binti hatolewi na baba yake mwenyewe. Siku ya gusaba, wageni wanapokuja kumwomba, anasimama msemaji wa familia kuwajibu, kuwatania, kuwasumbua kidogo, na mwishoni ndipo anasema "tumewapa". Marehemu mdogo wangu aliniachia kazi hiyo kwa binti yake wa pekee. Nami nilikuwa nimetunga maneno marefu juu ya ndugu yangu huyo, mtoto asikie baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Tatizo lilikuwa mapafu. Miaka ya kuchanganya saruji kule Kinyinya iliyaharibu, sasa sentensi moja tu, nahema.

Hospitalini wakanipa kifaa cha plastiki chenye springi ndani, cha kuzoeza mapafu. Unabana pua, unakitia mdomoni, unavuta pumzi, nacho kinakukatalia. Mara thelathini asubuhi, thelathini jioni. Jamani, yale mateso! Kila nikivuta ni kama mtu amenifunika mto usoni. Nikawa nalegeza springi kwa siri. Dada wa hospitali anayenisimamia mazoezi akanigundua.

"Muzee, hapa hudanganyi mimi. Unadanganya kifua chako."

Niliona aibu, nikaikaza upya.

Mke wangu hakuamini kwamba nitaweza. Wiki ya sherehe akaniambia amekodi msemaji, jamaa mmoja wa suti anayezunguka na maikrofoni yake.

"Atakaa nyuma yako. Ukikwama, nahesabu kumi, namkonyeza."

"Thubutu! Mimi mzima, binti yetu atolewe na mtu wa kukodi?"

"Mzima gani wewe?"

Hakubadili nia; siku ya sherehe jamaa alikaa nyuma yangu na maikrofoni yake.

Hemani nilianza vizuri. Niliwauliza wageni kama wamepotea njia, watu wakacheka. Navuta, nasema, navuta, nasema. Nilipofika pale pa kumtaja ndugu yangu, kifua kikafunga.

"Binti huyu, baba yake..."

Basi. Bwana harusi kanitolea macho. Nikamwona mke wangu, midomo inamcheza: nne, tano. Niliogopa, nisiseme uongo. Nikavuta, hewa ikaja kidogo, ikakwama. Saba. Nyuma yangu kiti kikalia, jamaa anainuka. Nikapeleka mkono nyuma bila kugeuka, nikamkamata koti. Nikavuta tena, kwa nguvu zile za kila asubuhi, mpaka mbavu zikauma. Nilijua maneno yote hayatapita.

"Tumewapa."

Vigelegele vikajaa hema. Wageni wakaambiana mzee amezidiwa na uchungu wa kumtoa binti. Machozi yalikuwa yananitoka kweli, ila kwa hasira. Binti alikuwa ndani ya nyumba na shangazi zake, ametega sikio asikie habari za baba yake, na mimi sikuwa nimesema hata moja.