Pikipiki ya Baba na Mtungi wa Bibi

Juzi vijana wa vyuma chakavu walikuja tena hapa Sepuka. Wakaniamkia, wakaizunguka pikipiki ya baba nyuma ya nyumba, wakasema, bibi, hiki kimekufa. Nilicheka kwanza. Maneno hayo niliyasikia nikiwa mtoto, enzi za Mwingereza, na aliyeyasema alikuwa jumbe wetu.

Jumbe mwenyewe alikuwa na baiskeli tu. Sasa fikiria, rafiki yangu, mkulima kama baba ananunua pikipiki kwa mzungu anayerudi kwao. Ilimkaa jumbe rohoni. Masika yalipoanza, mbuga ikajaa tope, nayo pikipiki ikaingizwa ndani ya tembe pamoja na ndama. Kuku wakalala juu yake. Bibi, mama yake baba, akaipaka mafuta ya nyonyo kuanzia usukani mpaka bomba la moshi, kama alivyopaka ngozi zake, na sisi tukalala na harufu hiyo. Jumbe akapita, akachungulia, akatangaza mbele za watu kuwa chuma kile kimekufa, heri apewe yeye. Bibi hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Masika yakiisha isiponguruma," alimjibu, "njoo uichukue."

Baba alikonda kwa ahadi ile. Njia ilipokauka akasugua plagi, akaianika karibu na jiko, akapiga teke mpaka goti likavimba. Pikipiki ikakohoa tu. Habari zikamfikia jumbe, akaja asubuhi na kanzu yake nyeupe kuchukua chake.

Akakuta uwanja umejaa. Bibi alikuwa amepika pombe ya mtama na kualika majirani kama kwa kazi ya kupura nafaka, na kwetu asiyetia mkono kazini haonji. Wakasukuma huku wakiimba nyimbo za kupura, baba juu, akienda na kurudi. Kimya. Jumbe kakaa kivulini, mtungi mbele yake unatoa povu, na kila akiomba kata bibi anamwonyesha pikipiki kwa kidevu. Jua likapanda. Kiu ikamshinda, akakunja kanzu, akasukuma na wenzake. Baba akaachia klachi. Ikapiga mlio, ikanguruma, na moshi wa nyonyo ukamfunika jumbe mzima.

Bibi akapiga magoti kwa heshima zote, akampa kata ya kwanza.

"Kunywa, jumbe. Umeifufua wewe."

Tembe lile limebomoka. Bibi hayupo, baba hayupo, na siku hizi hata ukikwama kwenye tope unaulizwa kwanza utatoa nini. Inaniuma, sifichi. Pikipiki yenyewe imenyamaza miaka mingi, na sijui kama itakohoa tena. Lakini haiondoki hapa nikiwa hai. Vijana wale niliwaambia warudi Jumamosi, wavae nguo za kazi. Mtama wa pombe nimeshauloweka.